Walikuwa Wetu

Tarehe 5 Machi

Mwanangu mpenzi, baba yangu,

Nakusalimu sana, na kabla hujaniamkia nimekwisha kuitikia, marahaba. Mimi sijambo, ila goti la kushoto ndilo linanisumbua, likiamka vibaya na mimi naamka vibaya. Dada yako hajambo. Wamemhamisha wodi, sasa yuko kwa wagonjwa wa upasuaji, akirudi nyumbani amechoka hata kusema hasemi. Binti yake ameng'oka jino la mbele na amesisitiza nikuandikie hilo. Mkwe wangu vipi? Mwambie zile nguo za mtoto zimekwisha, zimebaki vifungo.

Najua utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Simu yako anapokea yule binti wa ofisini, ananiambia Msemaji yuko kikaoni. Na siku ukipokea mwenyewe unasema, "Mama, nitakupigia baadaye," na baadaye yako naijua tangu ukiwa na kaptula. Barua huwezi kuikata katikati. Nisamehe mwandiko, unajua shule yangu iliishia darasa la nne.

Sasa nikwambie. Wiki mbili zilizopita alikuja hapa kiongozi wa vijana wa tawi letu, yule wanayemwita Kipaza kwa kuwa hatengani na kile kipaza sauti chake, hata akija kukusalimu unaona kama anakuhutubia. Alileta jora la kitambaa cheupe na karatasi yenye muhuri wa tawi. Akasema, "Mama wa Msemaji, tunataka vitambaa mia mbili vya kufunga mkononi, vya wasimamizi wa mkutano." Nikafurahi, sitakuficha. Nikasema hii ni kazi ya chama, chama cha mwanangu, nitaifanya bure na nitaifanya vizuri. Uzi mweupe ulikuwa umeniishia, nikatia wa buluu. Nikakunja pindo mara mbili na kupitisha cherehani mara mbili, visije vikachanika watu wakivutana kwenye msongamano.

Juzi Jumatatu asubuhi nafungua mlango, naona kitambaa kimefungwa kwenye komeo la mlango wa Fundi Saa, jirani yetu wa ukuta mmoja. Kingine kwenye geti la mwalimu mstaafu. Nikatembea mtaa mzima na goti langu hili, nikahesabu nyumba kumi na moja. Zote za watu ambao babu zao walitoka ng'ambo ya mto. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Na uzi ni wa buluu, baba.

Nilimkuta Fundi Saa anakivuta akichane, hakichaniki. Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mkewe akaja kwangu kuazima mkasi. Nikampa, nikamfuata nje. Fundi Saa akakikata, akakigeuza, akalitazama pindo kama anavyotazama saa ya mtu. Akasema, "Mshono mzuri." Basi. Akanirudishia mkasi kwa mikono miwili.

Nilitaka kumwambia sikujua. Nikaingia ndani, nikaurudisha mkasi mahali pake.

Wewe ndiye mdomo wa chama, nchi nzima inakusikia. Sema kwamba chama hakijawatuma hao na hakiwataki. Ukisema wewe watakoma, hapa wanajivunia jina lako kuliko majina ya baba zao. Fanya haraka, moyo wangu uko juu juu.

Mama yako


Tarehe 21 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Mkweo anakusalimu, na mtoto ameanza kusimama kwa kushika viti. Pole na goti. Nitatafuta nafasi tuongee na daktari mmoja ninayemfahamu.

Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimefunga mlango. Nakuelewa. Lakini mama, hao ni vijana wachache wenye damu moto, na hakuna chama kisicho na watu wa namna hiyo. Ipo kamati ya nidhamu na suala hili nimelifikisha. Mambo ya ndani tunayamaliza ndani. Tukianza kunyoosheana vidole hadharani, miezi minne kabla ya uchaguzi, tutakuwa tumewakabidhi wapinzani wetu fimbo ya kutuchapia.

Nina ombi. Usimwambie mtu kwamba ni wewe uliyeshona. Sisemi umekosa, ila watu wakijua ni mama wa Msemaji, unaelewa mwenyewe. Na ile karatasi yenye muhuri, kama bado unayo, ni bora uichome.

Msalimie Fundi Saa. Au usimsalimie kwanza, nitamsalimia mwenyewe nikija.

Mwanao


Tarehe 29 Machi

Baba yangu,

Marahaba. Nimefurahi mtoto anasimama, waambie wafunike zile kona za meza. Hapa tuko salama, ila dada yako ana kikohozi na hataki kumeza dawa, nesi mzima.

Barua yako nimeisoma na nimesikia sauti yako ya redioni, maana ndivyo ulivyoiandika. "Suala hili nimelifikisha." Mimi si mwandishi wa habari, mwanangu, mimi nilikunyonyesha.

Jumapili nilikwenda mkutano wa tawi. Nilivaa gauni la chama, nikakaa mbele na akina mama. Kipaza akasimama akasoma orodha. Nyumba ya muuza madaftari. Nyumba ya mwalimu. Nyumba ya Fundi Saa. Akasema mwisho wa mwezi wa tano wawe wameondoka, "na asiyetoka kwa miguu yake," halafu akaacha hapo hapo, akatabasamu. Watu wakacheka. Si wote. Lakini mwenyekiti wa tawi, yule muuza mbao unayemjua, alikuwa kwenye kiti kando yake na alicheka mpaka akafuta macho.

Baada ya mkutano nikamshika mkono. "Mwenyekiti, huyu anasema kwa ruhusa ya nani?"

"Mama, hayo ni maneno ya jukwaani, ya kuchangamsha watu."

"Fundi Saa hakuchangamka."

Akavuta mkono. "Sasa ulitaka nifanye nini? Niliandika makao makuu, sijajibiwa. Makao makuu wakinyamaza, maana yake hawajakataa."

"Mwanangu ananiambia amelifikisha kwenye kamati."

"Si unaona sasa? Kila mtu ameshalifikisha."

Akaenda zake. Nilirudi nyumbani nikavua lile gauni na sijalivaa tena.

Unamkumbuka Fundi Saa au makao makuu yamekusahaulisha? Ukitoka shule ulikuwa unakaa kwenye kibao chake mpaka nirudi kutoka kazini, anakupa saa mbovu uzifungue, na hakukugombeza hata ulipopoteza vile visukurubu. Baba yako alipofariki, yeye ndiye aliyeingia wa kwanza, na jeneza alilibeba upande wa kichwani. Amezaliwa mtaa huu, kabla yangu. Sasa anaambiwa ni wa kuja.

Karatasi sijaichoma. Iko kwenye droo ya cherehani. Na salamu zako nimempa, maana mimi sikujua namna ya kutompa.

Mama yako


Tarehe 2 Mei

Mama mpenzi,

Shikamoo, na nisamehe kwa kuchelewa. Mwezi mzima niko barabarani na msafara wa kampeni, nalala kila siku kitanda kingine. Mtoto nimeambiwa anatembea. Sijamwona.

Nina habari njema. Tamko limetoka, nimekuwekea kipande cha gazeti humu ndani. Soma mstari wa tatu: "Chama kinalaani vurugu za aina yoyote, kutoka upande wowote." Mama, hilo neno "kinalaani" nimelipigania siku mbili. Wengine walitaka "kinasikitishwa." Kuna mzee mmoja alitaka "kinafuatilia."

Kuhusu kumtaja mtu kwa jina, nitakueleza ukweli kwa sababu ni wewe. Yule kijana ana kata nne mkononi mwake. Bila kata hizo jimbo lote linatuponyoka, na wakubwa wanalijua hilo. Kila mmoja wao ukikaa naye peke yake anakwambia anamchukia. Tukiwa mezani pamoja hakuna anayesema. Baada ya uchaguzi atashughulikiwa, hilo nakuapia.

Kwa sasa usiende kwenye mikutano ya tawi. Njoo ukae na sisi mpaka hali itulie. Mkweo atafurahi.

Mwanao


Tarehe 10 Mei

Baba yangu,

Marahaba, na pole na safari. Kula vizuri, hayo makoti ninayokuona nayo gazetini yanakuning'inia. Dada yako kikohozi kimekwisha. Binti yake jino jipya limeanza kutokeza.

Kukaa kwenu siwezi sasa hivi, nina kazi, nitakwambia ni kazi gani.

Kipande cha gazeti nilikipeleka kwa Fundi Saa dukani. Alikuwa ameshikilia ile lenzi yake jichoni, hakuitoa. Nikamsomea. Akaniambia, "Rudia hapo penye jina lao." Nikamwambia jina halipo. Akasema, "Basi hawajaambiwa wao." Mkewe, ambaye unajua hapendi kuongea, akauliza kutoka ndani, "Na sisi ni upande upi? Maana wamelaani kila upande, na sisi hatujafanya kitu." Nikasema nimeacha chai jikoni, nikaondoka. Sikuwa nimebandika chai.

Na Kipaza naye amelisoma, baba. Alilisoma kwenye mkutano kwa sauti kubwa kisha akapiga makofi. Akasema, "Mmesikia? Chama kimewalaani wanaotuchokoza." Hilo neno ulilopigania siku mbili.

Sasa kazi yenyewe. Fundi Saa amekubali kuhama, watakwenda kwa dada wa mkewe, lakini ana saa za watu kwenye droo, sitini na tatu. Anasema hawezi kuondoka na mali za watu, wala hawezi kuziacha duka lije livunjwe. Na wenyewe hawaji kuzichukua, wanaogopa kuonekana mlangoni pake. Kwa hiyo nazipeleka mimi, nyumba kwa nyumba, kila moja ameifungia karatasi yenye jina. Nimeshapeleka arobaini. Juzi nilipeleka saa ya ukutani ya mama yake Kipaza. Alinipokea vizuri tu, akaitundika, akasema, "Huyu mzee mkono wake ni dhahabu." Nikamwuliza, "Mwanao anajua hilo?" Akainama kufagia mahali palipokuwa pameshafagiwa.

Unasema kusema ni kugumu. Nimekaa nikakuandikia mimi. Hii hapa: "Huyu kijana na wenzake ni wanachama wetu, tumewanyang'anya kadi leo, na anayemgusa jirani yake hasemi kwa jina letu." Na jina lake ulitie mwanzoni. Mimi wa darasa la nne imenichukua dakika moja. Sijui wasomi mnachukua siku ngapi.

Usikasirike. Nakuombea kila siku.

Mama yako


Tarehe 21 Mei

Mama,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, nimempa dereva wa basi akuletee mkononi.

Jumatano tarehe 28 nina mkutano na waandishi wa habari, utarushwa redioni saa saba mchana. Sentensi yako iko mfukoni mwangu. Nimebadilisha neno moja tu. Sikiliza.

Mwanao


Tarehe 26 Mei

Baba yangu kipenzi,

Marahaba, marahaba, mara elfu. Nimelia mpaka dada yako akadhani kuna msiba.

Barua hii naona itakufika Jumatano imeshapita, lakini nakuandikia hivyo hivyo, siwezi kukaa na furaha peke yangu. Lori la Fundi Saa lilikuwa la kesho Jumanne. Vitu vilishafungwa, hata kitanda kilishafunguliwa. Nikaenda nikawaambia wangoje. Nikasema mwanangu atasema Jumatano, atawataja, na wakitajwa na makao makuu hawatathubutu. Fundi Saa akanitazama sana. Akauliza, "Amesema mwenyewe?" Nikamwambia ameandika. Akamwambia mkewe, "Basi fungua lile sanduku la vyombo, tutapikia nini leo?" Mkewe akacheka, mara ya kwanza tangu ule mwezi wa tatu.

Dereva wa lori wamemrudisha. Jumatano tutasikiliza wote dukani kwake, redio yake ndiyo inashika vizuri.

Mama yako


Tarehe 3 Juni

Mwanangu,

Hatujambo. Dada yako hajambo. Binti yake hajambo.

Jumatano tulikuwa kumi na mmoja dukani. Fundi Saa alinipa kiti chake. Mwalimu mstaafu alikuja na shati lililopigwa pasi, kama anayekwenda mahali. Ukaanza kusema. Ukasema barabara, ukasema maji, ukasema ajira za vijana. Dakika kumi na nne, kwa Fundi Saa mtu hakosi kujua dakika. Halafu yule mwandishi wa kike akakuuliza, "Na vipi kuhusu vijana wenu wanaotishia familia?" Tukasogea wote. Ukasema, "Swali hilo limejibiwa kikamilifu katika tamko letu la mwezi uliopita. Swali lingine."

Hakuna aliyenilaumu. Ningependa wangenilaumu. Mwalimu akasema, "Pengine atalirudia mwishoni." Tukangoja mwishoni. Wakaweka muziki.

Wakatafuta lori tena, likapatikana la Jumapili.

Walikuja Jumamosi, saa nne asubuhi, jua kali, watu wako sokoni. Kama thelathini. Wamefunga vitambaa vyangu mkononi. Walianzia kwa muuza madaftari, wakamwaga kila kitu barabarani. Fundi Saa alikuwa dukani, zilibaki saa tatu na alikuwa anamalizia moja. Mkewe nilimvuta nikamwingiza kwangu, nikafunga. Fundi Saa hakuwahi kutoka dukani. Kipaza mwenyewe alikuwa amesimama nje na kile kipaza, anaita majina. Nilifungua dirisha nikamwambia, "Mwanangu, saa ya mama yako imetengenezwa humo." Alinisikia. Alinitazama, akageuka upande mwingine, akaendelea kuita.

Fundi Saa alifariki Jumapili saa tisa alasiri, kwenye wodi ya dada yako. Dada yako ndiye aliyemfunga macho. Mpaka leo hajasema na mtu na mimi simlazimishi.

Jana nilikwenda polisi mwenyewe. Askari akaniuliza nimeona nini, nikamwambia, na majina tisa nikampa. Kisha akatoa kitambaa kwenye bahasha, akauliza kama najua kimetoka wapi. Nikamwambia nimekishona mimi. Akaweka kalamu chini. "Wewe mama?" Nikamwambia, andika. Na karatasi yenye muhuri nimewapa.

Sikuulizi kwa nini. Naogopa utanijibu vizuri.

Mama yako


Tarehe 13 Juni

Mama,

Shikamoo.

Sijui nianzie wapi. Naona niseme kwanza kwamba nimetoa tamko juzi Jumatano. Nimemtaja yule kijana kwa majina yake yote na wenzake wanane, na nimesema hawasemi kwa jina letu. Sasa wakubwa wote wananipongeza.

Sentensi yako ilikuwa mfukoni siku ile. Nilikuwa naigusa kwa vidole wakati yule mwandishi anauliza. Mwenyekiti wetu wa taifa alikuwa ameketi kulia kwangu, akaweka mkono wake juu ya goti langu, chini ya meza. Hakubonyeza, aliuweka tu. Kisha nikasikia sauti yangu inasema "swali lingine."

Barua yako ya tarehe 26 ilinifika Ijumaa asubuhi, tarehe 30. Ndipo nilipojua kwamba umewaambia wangoje. Nilimpigia mwenyekiti wa tawi, hakupokea. Sikupiga tena. Nilikuwa na Ijumaa nzima, mama. Nilikwenda kwenye uzinduzi wa kisima.

Kuna jambo inabidi nikuombe, na najua namna litakavyosikika. Tamko linasema watu hao hawajawahi kuwa wanachama wetu. Ile karatasi yenye muhuri inasema vingine. Wanasheria wanasema ukienda ukaeleza kwamba umri umekwenda, kwamba hukumbuki vizuri ni nani aliyeleta kitambaa, suala litaishia kwa vijana wenyewe na halitapanda juu. Zimebaki wiki sita. Nakuomba uifikirie.

Mkweo ananiuliza kwa nini silali. Sijamwambia.

Mwanao


Tarehe 24 Juni

Mwanangu, baba yangu,

Marahaba. Goti limetulia kidogo. Dada yako amerudi kazini, jana alikula. Mwambie mkwe wangu nimetuma nguo za mtoto kwa basi, na kama zimembana asizitupe, nimeacha pindo la kutosha ndani, zinaachilika.

Tamko lako nililisikia. Umemtaja hadi jina la babu yake. Nilikaa kitako nikalia, kwa sababu ni sentensi yangu ile ile, ya dakika moja, siku kumi baada ya mtu kufa.

Lakini umesema hawajawahi kuwa wetu, na hapo siwezi kwenda nawe. Walikuwa wetu. Sare ya Kipaza nimemshonea mimi, nimempima mabega, akaniamkia, nikamwitikia. Akina mama tulimpikia uji siku alipochaguliwa. Alisoma ile orodha kwenye viti vyetu, chini ya bendera yetu, na sisi tumekaa. Asingekuwa wetu, mimi ningekulilia wewe tangu mwezi wa tatu kwa ajili gani? Wa kumkanya tulikuwa sisi. Majirani wa Fundi Saa walimwogopa na wapinzani wenu hakuwasikiliza. Sisi angetusikiliza. Jumapili nilikwenda tawini nikasimama nikayasema hayo hayo. Muuza mbao akaniambia nikae. Nikamwambia goti linauma nikikaa. Wengine walitoka nje. Mama yake Kipaza alibaki.

Nilikwenda kumwona mjane. Alinipa kiti. Akaniuliza jambo moja tu: "Mama, alikwambia kweli atasema, au wewe ulitamani kusikia hivyo?" Nikamwonyesha barua yako ya tarehe 21 Mei. Akaisoma taratibu, akaikunja kama ilivyokuwa, akasema, "Basi wewe hukutudanganya." Wewe hakukutaja, na mimi sikuweza kukutaja.

Ombi lako la kusema nimesahau, nimelifikiria kama ulivyotaka. Nakumbuka kila kitu. Nakumbuka hata idadi ya vitambaa vilivyotoka vibaya nikavifumua.

Mpelelezi ameniita tena Jumatatu tarehe 7 Julai. Alitaka kujua kama kuna mkubwa wa chama aliyeambiwa mapema. Nikamwambia yupo, na barua zake ninazo. Akauliza ni nani. Nikamwambia nipe mpaka tarehe saba. Akasema, "Unamwogopa?" Nikamwambia hapana, nimemzaa.

Sasa sikiliza, baba. Sitaki kukusemea. Nimekusemea ulipokuwa mdogo, kwa walimu, kwa wenye visukurubu vyao, na ningekusemea tena kwa lolote lingine. Hili njoo uliseme mwenyewe. Ukija tutakwenda pamoja mpaka mlangoni, wewe utaingia, mimi nitakaa nje kwenye benchi nikungoje, hata ikichukua siku nzima. Usipokuja nitaingia mimi, na nitaziweka barua zote mezani, pamoja na nakala ya hii niliyojiandikia. Watakuuliza na watakuvua hiyo kazi, na pengine watakufunga, mimi sijui sheria. Utakuwa mwanangu hivyo hivyo. Nitakuletea chakula.

Basi la asubuhi kutoka huko linafika hapa saa nane mchana. Nitakuwa kituoni tarehe nne, na tarehe tano, na tarehe sita.

Mama yako